Usinipime fundi, angalia picha

Jamani mimi hii cherehani ntaiuza. Ntaiuza nikaange viazi karai hapo nje, kiazi angalau hakina simu.

Leo asubuhi stima imerudi, tukashukuru, nikakaa nimalizie mabuibui ya watu wa Kisauni walionipigia mpaka nimewabloku, mara kaingia dada mmoja kajisitiri vizuri, kanukia udi mpaka mashine ikataka kupiga chafya. Salamu, hali za watoto, hali za wazee, heshima zote. Nikasema leo nimepata mteja wa maana. Katoa lesi ya Biashara Street, lesi ya pesa, nikaishika kwa vidole viwili. Yuwataka gauni la mkia wa samaki, kuna kupamba ya shogake, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, Ijumaa ya wiki ijayo. Inshallah, nikavua tepu shingoni, simama dadangu.

Akarudi nyuma. "Usinipime fundi. Angalia picha."

Nilidhani anionyesha mshono. Wapi! Picha ni yake mwenyewe, kasimama mbele ya Fort Jesus, ile ngome yetu ya Mombasa, mkono kiunoni, na hicho kiuno ukikitafuta hukioni, juu mtu, chini mtu, katikati uzi. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye, nikairudia picha. Nikauliza kwa adabu, huyu ni mdogo wako? "Ni mimi fundi, ya juzi tu."

Sasa macho yangu ni ya kazi, mstari usiponyooka mimi silali. Nikazumu. Ukuta wa Fort Jesus pale ulipokaribia kiuno umeingia ndani. Umepinda! Ukuta Wareno walianza kuujenga 1593, Waomani wakauzingira kuanzia 1696 karibu miaka mitatu watu wanakufa ndani kwa njaa na maradhi, Waingereza wakaufanya jela, upepo wa bahari waupiga kila siku, haujapinda, umekuja kupindwa na dada kwa kidole kimoja pengine yuko zake ndani ya matatu! Na ngome yenyewe waulizeni wale wanaotembeza wageni, ilichorwa kwa umbo la mwili wa mtu, Cairati yule Mtaliano aliyeichora na wenzake wa zama zile waliamini vipimo vilivyotimia viko kwenye mwili wa binadamu. Na huyo mtu wao ukimtazama kutoka juu ni kibonge, mikono mifupi, miguu mifupi, kiuno hana, na UNESCO wakampokea hivyo hivyo kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011, hawakumwambia apungue kwanza.

Nikamwambia dadangu, mimi nashona watu, picha sishoni. Akanijibu kuna fundi Nyali hushona kwa picha tu. Mbona hukwenda Nyali? Akatazama pembeni. "Ni ghali." Haya.

Kwa kubembelezana akakubali kupimwa, sharti nisitaje namba kwa sauti kwa sababu ya vijana wa boda pale nje na yule muuza mahamri ambaye hakuna kinachompita mtaa huu. Kifua, nikaandika kimya kimya. Nilipofika kiunoni akavuta pumzi akaifungia ndani. Nikangoja. Mtu kafunga pumzi ntampima nini, gauni la kuvaliwa bila kupumua? Nikajifanya natafuta chaki, natafuta, natafuta, ikabidi apumue nikakaza tepu pale pale. Inchi 38. Kiuno kizuri tu, cha mtu anayekula nyumbani kwake. Akachungulia daftari.

"Fundi, hii tepu yako imesinyaa."

Tepu imesinyaa! "Andika 28." Dada nikiandika 28 hii lesi itapasuka katikati ya ukumbi, biharusi hakuna atakayemkumbuka. "Nitakuwa nimepungua." Kwa siku ngapi jamani, au utakatwa? Basi nikaona isiwe tabu, nikageuza tepu upande wa pili nikasoma kwa sauti ya mnada: TISINI NA SITA NA NUSU! Muuza mahamri kaitikia huko nje, "Mashallah!" Nikamwambia hizo ni sentimita dadangu, lakini ameshakaa kitako anajipepea na daftari langu. Akaacha lesi, dipoziti hakuacha. Ati vipimo atanitumia mwenyewe, kwa meseji.

Na huyu afadhali. Kuna wanaoleta gauni lililochorwa na kompyuta, zipu hamna, mshono hauna mwanzo wala mwisho, mkono umechipuka shingoni na aliyelivaa ana vidole sita, nikiuliza hili linavaliwa kupitia wapi naambiwa "si wewe ndiye fundi?"

Lakini kilichonikera kweli ni mtoto. Kaletwa na mamake juzi, yuko sekondari, blauzi ya skuli, mamake alipotoka kupokea simu kaninong'oneza nimrefushie mikono ya blauzi mpaka chini, afiche mikono yake, ati minene. Na joto hili! Mikono yenyewe ya mtoto tu, kama yangu nilipokuwa umri huo na hakuna aliyekuwa na habari nayo. Nani kakwambia? Kanionyesha simu, msichana uso hauna hata kitundu cha jasho, kiwiko hana. Na wenyewe walijua! 2021 karatasi za Facebook, wenye hiyo Instagram, zilivuja, utafiti wao wenyewe, asilimia 32 ya wasichana walisema wakishajiona vibaya mwili, Instagram huwazidishia. Walikuwa nazo kabatini. Na sisi huku twakopa bando tuingie tukaumie. Ufaransa angalau tangu 2017 tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima liandikwe kuwa picha imerekebishwa, ukificha faini ni euro 37,500, ila hiyo ni kwa matangazo ya biashara, dada wa lesi na ukuta wake haimgusi. Blauzi sikuirefusha. Nimemwambia mamake kitambaa hakitoshi.

Ndiyo maana mimi napenda kupamba, simu hazingii. Mabuibui yamevuliwa, kila mtu na tumbo alilokuja nalo, chakacha ikilia hakuna anayetafuta mwanga wala kugeuza shavu, na wenye mwili ndio wanaoshangiliwa, kiuno cha uzi utakichezesha nini. Ijumaa iliyopita nimecheza mpaka goti limeniita jina.

Tatizo ni yule binti wa mlangoni. Simu zote kazitia mfuko mmoja wa marikiti, vikaratasi vya namba vimelowa jasho, saa ya kutoka anagawa kwa kubahatisha, wee mama yako ipi, nyeusi, zote nyeusi! Yangu ina ufa kwenye kona na nyuma nimebandika plasta, aliyenayo ailete, ina vipimo vya watu wote wa Ramadhani. Hii niliyopewa mimi ina lock siwezi kuifungua, charji haiishi, na tangu usiku ule inapigwa na mtu aliyeseviwa "Usishike". Sasa sijui. Nishike?