Walipopima pua za Wanyarwanda

Ukianza tu kuzungumzia nadharia ya mageuko ya viumbe, hakosi mtu wa kudai kwamba Darwin ndiye aliyeleta ubaguzi, na Rwanda ndiyo ushahidi. Mimi naona Rwanda inashuhudia kinyume.

Uongo uliowagawa Wanyarwanda haukutoka kwa Darwin. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kuwa watawala wa Maziwa Makuu ni wageni wenye asili ya Ethiopia. Dai hilo hakulijenga juu ya mifupa iliyofukuliwa wala vipimo. Wageni hao wakaja kuitwa "Wahamiti", kwa jina la Hamu, mwana wa Nuhu katika Biblia. Baadaye Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Rwanda waliivika dhana hiyo joho la sayansi: wakapima pua, vimo na mafuvu, na miaka ya 1930 wakagawa vitambulisho vya Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Watu hao walisema Kinyarwanda kimoja, na koo kama Abasinga na Abazigaba zilikuwa na watu wa makundi yote matatu. Zamani Mhutu aliyepata ng'ombe na cheo aliweza kuhesabiwa Mtutsi. Kitambulisho kikaufunga mlango huo.

Darwin hakuwa mtakatifu. Maandishi yake yamejaa neno "washenzi". Lakini mwaka 1871 aliorodhesha wataalamu waliogawa binadamu katika mbari 2, wengine 3, mpaka aliyefikisha 63, akaona hilo linaonyesha kuwa mbari zinaingiliana na mipaka yake haishikiki. Angesomwa vizuri, nani angethubutu kumpima mtu pua ili amjue ni wa taifa gani?

Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, maiti zilielea kwenye mto huo, zikaingia Kagera hadi Ziwa Viktoria. Huko Kasensero, Uganda, wako waliozikwa katika kaburi la pamoja.

Rwanda imeondoa kabila kwenye vitambulisho, na imefanya vyema. Ila ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Kongo, bado kuna wanaowagawa majirani kuwa "Wabantu" wenye nchi na "Waniloti" wavamizi, kana kwamba hayo ni majina ya damu, si ya lugha. Na hao Watutsi wanaoitwa wavamizi, lugha wanayowalelea watoto wao ni ya Kibantu.