"Mnyama Hujitibu Mwenyewe," Eti

Kuna sentensi moja ambayo, ningekuwa na madaraka, ningeipiga marufuku: "Mwache, mnyama hujitibu mwenyewe."

Nimeisikia tena juzi nyumbani kwa rafiki yangu. Mbwa wake, jitu lenye kifua kirefu, alikuwa amekula vizuri jioni, na baada ya muda tumbo likaanza kuvimba. Anazunguka chumba kizima hapati pa kulala. Anajikamua kutapika, hakitoki kitu ila ute na povu. Na pale pembeni mjomba, mtu mzima mwenye heshima zake, kikombe mkononi, anatoa hukumu: mwacheni, kesho asubuhi mtamwona anakimbia. Unajua tena, mkubwa akishasema, kubisha ni utovu wa adabu.

Rafiki yangu hakubisha. Alichukua funguo, akampakia mbwa garini, akaondoka.

Tumbo la namna ile hujaa hewa, halafu hujipinda. Likishajipinda, hewa haina pa kutokea, damu haipiti, nyama ya tumbo lenyewe inaanza kufa, na moyo unakosa damu ya kusukuma. Mbwa wakubwa wenye vifua virefu ndio wanaopatwa zaidi. Dawa yake ni kisu cha daktari, na muda wake unahesabiwa kwa saa. Alipasuliwa usiku uleule, tumbo likarudishwa mahali pake, likashonewa kwenye ukuta wa mwili kwa ndani, nyuma ya mbavu, ili lisijipinde tena. Yuko hai. Mjomba naye anasema aliona tangu mwanzo kwamba mbwa yule ni wa kupona.

Sasa huyu mnyama anayejitibu, anajitibu kwa kitu gani hasa? Nyasi? Mbwa wazima kabisa wanakula nyasi kila wakipata nafasi, na wengi wala hawatapiki. Kulamba kidonda? Ulimi uleule umetoka kulamba vitu ambavyo sitavitaja hapa, na ukiuacha ufanye kazi yake utafumua nyuzi za mshono zote. Kinachowadanganya watu ni kwamba mbwa anapougua hunyamaza. Anajitenga, anaingia chini ya meza, analala. Sisi tunasema "ametulia, anapumzika." Hajatulia. Anaficha. Mbwa si mtoto wa kulia akionyesha panapouma. Maumivu yake anayameza mpaka yamshinde, na yakimshinda mara nyingi muda umekwisha.

Na usiniambie kuhusu mkia. Jike langu lilipopata homa ya kupe lilimpokea daktari kwa kutikisa mkia kama siku zote. Daktari hakuutazama mkia. Aliinua mdomo wa juu akanionyesha fizi: nyeupe kama karatasi. Vijidudu vilikuwa ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazipasua moja baada ya nyingine, na mkojo ulikuwa umeshageuka rangi. Aliongezewa damu ya mbwa mwingine (ndiyo, mbwa nao huchangia damu, na mfadhili wake alilipwa biskuti akaona amepata faida). Tangu hapo, mimi na fizi. Mtu akinipigia simu kwamba mbwa wake "hayuko sawa," swali langu la kwanza ni hilo: mwinue mdomo, uniambie rangi. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole, pageuke peupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Fizi zikiwa zimepauka, au za kibuluu, acha kunipigia mimi. Ondoka. Na kama mbwa wako ana fizi nyeusi za kuzaliwa, vuta chini ukope wa jicho utazame huko.

Haya, nakubali: si kila kitu ni dharura. Mbwa aliyekomaa aliyeharisha mara moja na bado anakunywa maji, anacheza, anaomba chakula, huyo mwangalie kwanza. Nimekubali, tuendelee. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayetapika na kuharisha damu hayumo katika msamaha huo hata kidogo.

Jamaa wa pili baada ya mjomba ni yule anayekuja na vidonge kutoka kabatini kwake. Dawa za maumivu za binadamu! Ibuprofen inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Paracetamol nayo inaweza kumharibu ini. Nia njema sitaibeza. Vidonge virudi kabatini. Na mbwa akiwa amekula sumu, usimnyweshe maziwa wala mafuta, wala usimlazimishe kutapika kabla daktari hajakuambia. Beba pakiti ya hiyo sumu uende nayo. Sumu nyingine za panya huzuia damu kuganda, na mbwa anaweza kuonekana mzima siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mjomba hapo angekuwa ameshashangilia.

Kuna saa ambayo sitaki kuifanyia mzaha. Ni ile daktari anapovua glavu na kukuambia upasuaji unawezekana lakini hauahidi kitu, au hauwezekani, au unawezekana na wewe huna fedha zake. Watu wanaodhani kwamba mapenzi yanapimwa kwa kukubali kila matibabu hawajawahi kukaa kwenye kile kiti. Kuchagua sindano ya mwisho ili mbwa asihangaike wiki nzima akivuta pumzi kwa taabu si usaliti, na mwenye kufanya uamuzi huo hana deni la maelezo kwa mtu yeyote. Muulize daktari maswali mawili tu: akitibiwa, atarudi kuishi maisha ya namna gani? Na angekuwa wako, ungefanyaje? Wengi watakujibu kweli. Ukiweza, kaa naye mpaka mwisho. Usipoweza, pia sawa.

Akirudi nyumbani na mshono na ile kola ya plastiki shingoni ya kumzuia asijilambe, ndipo kazi inapoanza, na ndipo watu wote wanapopotea. Dawa kila baada ya saa kadhaa, kumtoa nje kumshikilia kiuno kwa shuka, kumpangusa, usiku huna usingizi, mchana una kazi. Mwenye mbwa hapo hahitaji kusikia kuhusu mbwa wa binamu yako aliyepona bila hata panadoli. Anahitaji mtu wa kushika zamu alale saa mbili tatu. Una gari? Ulete. Huna gari, mikono unayo. Mbwa mzito habebwi na mtu mmoja.