Kisanduku cha Vijiko Hakikuomba Gundi

Jumamosi iliyopita, katika soko la mitumba hapa Sheffield, nilinunua hasira kwa pauni 12. Ilikuja ndani ya kisanduku cha mwaloni, cha aina ile iliyotengenezwa kuhifadhi visu, uma na vijiko vya fedha, ambacho mtu alikigeuza kasha la maonyesho kwa kukwangua mahameli yote, kupaka rangi nyeupe ndani, kisha kubandika kwa gundi ya moto sarafu 21 za Afrika Mashariki. Zilikuwamo senti 10 zenye tundu katikati, shilingi za simba za miaka ya 1920, na senti 20 ya Tanzania ya mwaka 1966, ile ya mbuni. Muuzaji alinieleza kwa fahari kwamba ni kazi ya mikono. Sikumbishia, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba kichwa hakikushirikishwa.

Wazo lenyewe silipingi. Visanduku hivi vitupu vimejaa Uingereza, na sababu zake zinaeleweka: ni katika mji huu huu wa visu na vijiko ambako Harry Brearley alitengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na baada ya hapo nani aendelee kusugua vijiko vya fedha? Kisha bei ya fedha ilipopaa mwanzoni mwa mwaka 1980 hadi kukaribia dola 50 kwa aunsi, seti nyingi ziliishia tanuruni, visanduku vikabaki. Bawaba zake ni madhubuti na kifuniko hufunga sawasawa, kwa hiyo mkusanyaji wa sarafu, medali au beji hana sababu ya kukimbilia makasha ya plastiki.

Ninalolidai ni moja tu: lolote utakalolifanya humo, mtu mwingine aweze kulitengua. Thamani ya sarafu ya zamani imo katika uso wake, pamoja na ule weusi na ule wekundu uliojijenga juu yake kwa miongo mingi, na uso huo ukibanduka na gundi, mkononi unabakiwa na kipande cha madini. Isitoshe, sarafu ina pande 2. Huyu fundi wetu aliamua kwa niaba ya sisi sote kwamba mbuni ndiye anayestahili kutazamwa, akamzamisha Mwalimu Nyerere kifudifudi ndani ya gundi. Na yote hayo kwa sababu ya uvivu, maana njia iliyo sahihi haihitaji hata alasiri nzima: unakata kadi nene isiyo na asidi kwa kipimo cha ndani ya kisanduku, unatoboa matundu kwa ukubwa wa kila sarafu, unaweka chini yake povu la polietilini, yaani sponji ya plastiki, kisha unavilaza vyote juu ya vishikizo vya uma na visu bila msumari wala gundi. Ukitaka kifuniko cha kioo, legeza skrubu za bawaba, kiweke kabatini kile cha awali, na ufunge fremu yako katika matundu yale yale.

Kuhusu rangi nyeupe sina la kusema.

Mahameli ninayo ya kusema. Katika visanduku bora, kitambaa kile cha kahawia kimetiwa chembechembe za fedha zinazonasa gesi za salfa kabla hazijavifikia vijiko, na shilingi za simba, ambazo robo yake ni fedha, zingefaidika na kinga hiyo hiyo iliyokwanguliwa na kutupwa jalalani. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba si kila kitambaa kinastahili kutunzwa, kwani felti ya sufu ina salfa yake yenyewe na huzidi kuitia fedha weusi. Hiyo na itoke.

Nakiri pia kwamba mwaloni si mti wa kila kitu. Hutoa mvuke wa asidi ile ile iliyomo katika siki, ambao hula madini ya risasi na makombe ya baharini. Byne, mtaalamu wa makombe wa Kiingereza, aliuandikia ugonjwa huo wa makombe mwaka 1899, nami nilikuja kumsoma nikiwa nimekwisha kuchelewa. Kauri nilizoziokota Tanga nilizifungia katika kisanduku kizuri cha mwaloni kwa majira 2 ya baridi, zikatoka zimeota unga mweupe kama zilizopakwa chokaa. Unga huo ni kauri yenyewe iliyoliwa, na mng'ao wake haurudi.

Tangu Jumamosi nimekuwa nikidondosha spiriti pembezoni mwa kila sarafu na kusubiri gundi iachie. Hadi jana usiku zilikuwa zimebanduka 14. Mbuni bado amegoma, na mimi sitatumia kisu.