Jina tupu mbele ya mashine: kisa cha Worldcon ya Seattle

Mwandishi wa hadithi za kisayansi akipangwa kwenye jopo la Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa mashabiki na waandishi wa hadithi hizo, kwa kawaida halipwi. Uanachama ananunua mwenyewe kama shabiki mwingine yeyote, nauli na hoteli ni juu yake, kisha anakaa nyuma ya meza yenye jagi la maji na kibao cha jina, azungumze saa nzima na wenzake watatu au wanne. Wanaogharimiwa ni wageni rasmi wachache tu. Waandaaji nao ni mashabiki wanaojitolea, wengi wakiwa na kazi zao za mchana.

Ndiyo maana habari ya mwishoni mwa Aprili 2025 iliuma. Kamati ya Seattle, mji wa Marekani ulioandaa Worldcon ya mwaka huo, ilikiri kwamba imetumia ChatGPT kuwapekua watu zaidi ya 1,300 walioomba kushiriki majopo. Agizo walilolitoa kwa programu hiyo, lililochapishwa siku chache baadaye, liliitaka ipitie orodha ya majina na kutafuta kashfa za kila mmoja: ubaguzi wa rangi, unyanyasaji, utapeli na mengine ya aina hiyo.

Nianze na kamati, maana ililaaniwa kabla ya kusikilizwa. Upekuzi wenyewe una sababu: mikutano hii imewahi kuwapa jukwaa watu waliokuwa wakiwasumbua wanawake, na lawama zikaangukia waandaaji. Sasa piga hesabu. Ukimpa kila mwombaji nusu saa tu, watu 1,300 ni saa 650, za watu wasiolipwa. Kamati ilieleza kuwa majibu ya mashine yalikaguliwa na binadamu, na waliokataliwa kutokana na taarifa hizo hawakufika watano.

Upande wa waandishi, hoja haikuwa idadi. Mwezi mmoja tu nyuma, jarida la The Atlantic lilikuwa limeweka wazi orodha ya vitabu vya wizi vilivyotumika kufundishia akili mnemba ya Meta, kampuni yenye Facebook, na wengi walikuta majina yao humo. OpenAI yenyewe, wenye ChatGPT, walishashtakiwa na chama cha waandishi wa Marekani tangu Septemba 2023. Mwaka huohuo, Februari, jarida la Clarkesworld lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa kuzidiwa na zilizotungwa na mashine. Ni sawa na kuibiwa kuku, halafu anayeshukiwa kumla ndiye anayeitwa kukuchunguza tabia.

Lakini linalonikera mimi zaidi ni jambo ambalo kamati ililitaja kama utetezi: kwamba iliingiza jina tu, bila taarifa nyingine binafsi. Jina tupu! Mwite mwombaji Juma Hamisi. Wako wangapi Tanga peke yake? Mashine iliyotumwa kutafuta kashfa itaitafuta, na ikiikosa inaweza kuitunga, ama ikambebesha huyu makosa ya yule. Na aliyefanya uovu wake kwa lugha isiyojaa intaneti atatoka msafi, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema binadamu angetosha. Worldcon ya kwanza kabisa, New York mwaka 1939, waandaaji waliwazuia mlangoni vijana sita waliokuwa na ugomvi nao, akiwemo Frederik Pohl, ambaye baadaye alishinda zaidi ya mara moja tuzo ya Hugo, inayotolewa na Worldcon yenyewe kwa hadithi bora. Hapakuwa na kompyuta pale. Kamati inayojuana hupitisha jamaa zake.

Kilichofuata Seattle kinajulikana. Maofisa watatu wa tuzo za Hugo walijiuzulu, na mwandishi Yoon Ha Lee akaondoa riwaya yake kwenye tuzo ya Lodestar, ya vitabu vya vijana. Kamati iliomba radhi, ikaahidi kurudia upekuzi kwa watu wapya kutoka nje, na mkutano ukafanyika Agosti 13 hadi 17. Kwa hiyo watu wa kufanya kazi ile kwa mkono walipatikana, ingawa sina hakika wangejitokeza bila ghasia zile.

Fomu ya maombi ingeweza kumwomba kila mtu aandike kazi zake na ukurasa wake mwenyewe, na atakayekutwa na doa aandikiwe barua ajibu kabla ya kukatwa. Juma Hamisi angejieleza ni yupi.