Usikiruke Kitabu cha 10

Kila The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za njozi wa vitabu 14 alioanzisha Robert Jordan, inapotajwa, hakosi mtu wa kushauri: soma cha 1 hadi cha 6, cha 7 hadi cha 10 pitia muhtasari tu, kisha ingia cha 11. Anajiona amekuokoa. Amekuibia. (Ambaye hajafika mwisho aishie hapa, utamu unamwagika huko chini.)

Haya, nakubali: cha 10 kinajikokota. Watu wanaoga, wanakunywa chai, wanakaguana nguo. Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anamtafuta mkewe mpaka msomaji anatamani aingie msituni amtafute mwenyewe.

Lakini tazama kilivyojengwa. Cha 9 kinafungwa na shujaa Rand na mganga Nynaeve wakilitakasa lile doa la saidin, upande wa kiume wa Nguvu, yaani uchawi wa humo. Sehemu kubwa ya cha 10 inarudi nyuma hadi siku ileile, ikuonyeshe kila mmoja alikuwa wapi alipohisi Nguvu ikiwaka kule mbali, na wengi walivyokisia kila kitu isipokuwa ukweli. Wewe unajua, wao hawajui. Ukishika muhtasari unaambiwa "hakuna kinachotokea", nayo ni kweli kama ilivyo kweli kwamba msibani watu wamekaa tu.

Hasira za waliovisoma vikitoka zilikuwa halali. Cha 7 kinamwacha Mat, rafiki wa Rand, chini ya ukuta ulioporomoka. Cha 8, cha mwaka 1998, hatokei kabisa. Mpaka cha 9, mwaka 2000. Cha 10 kikaja 2003, cha 11 kikaja 2005. Ungesubiri hivyo nawe ungetukana. Leo vyote 14 viko rafuni, cha 10 unakimaliza kwa wiki. Hasira za kurithi za nini?

Na deni linalipwa cha 14. Sura ya 37 peke yake ina urefu wa riwaya nzima, na mchawi Siuan na jenerali Bryne wanapoanguka humo, uzito wake umetoka kwenye zile kurasa za kambini nje ya Tar Valon, mji wa wachawi, ambazo mruka-vitabu hakuzigusa. Kwake ni majina mawili kwenye orodha ya waliokufa. Pengine hata Bela, yule farasi, hakumlilia. Bela, jamani!

New Spring, riwaya ya yaliyotangulia cha 1, isomwe baada ya cha 10, ilivyotoka 2004. Ukianza nayo, siri za mchawi Moiraine ambazo cha 1 kinahangaika kuzificha unazo tayari mfukoni.

Jordan alifariki 2007, na Brandon Sanderson, mwandishi aliyemalizia mfululizo, akakigawa kitabu kimoja kilichobaki kuwa vitatu. Mat wake wa cha 12 ni mchekeshaji wa harusini. Kufikia cha 14 kidogo anajirudi. Onyesho la mwisho kabisa aliliacha Jordan mwenyewe, na kile kiko cha Rand hakisemwi kiliwakaje. Wanaodai maelezo ndio walewale walioruka cha 10.