Saratani Mbili Katika Damu ya Mtu Mmoja

Chukua mgonjwa wa miaka 70 mwenye lukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya damu inayotokana na aina moja ya chembe nyeupe. Ugonjwa huu mara nyingi huenda polepole, na wengi hufuatiliwa kwa vipimo tu kwa miaka bila kuanzishiwa dawa. Sasa amerudi kliniki: damu imepungua, figo zimeanza kulegea, na mgongo unamuuma hata akiwa amelala. Jibu la haraka ni kwamba lukemia ile ile imechachamaa. Lakini kutafuna mifupa si desturi ya lukemia hiyo. Inayotafuna mifupa ni mieloma, saratani ya seli za plazma, yaani chembe za kwenye uboho zinazotengeneza kingamwili, na inawezekana kabisa mtu mmoja akawa nazo zote mbili.

Hapo madaktari hugawanyika. Wapo wanaofuata kanuni ya William wa Ockham, mtawa na mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 14: sababu moja ikitosha, usiongeze ya pili. Wengine humtaja John Hickam, tabibu wa Marekani anayehusishwa na kauli kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuwa na magonjwa mengi apendavyo.

Wanaoshikilia ugonjwa mmoja wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Lukemia hiyo sugu inaweza yenyewe kuufanya mwili ushambulie chembe zake nyekundu, na inaweza kugeuka limfoma kali, yaani saratani ya tezi za limfu. Kwa hiyo dalili mpya nyingi ni za adui wa zamani. Tena, ukichimba sana utakuta kitu. Takriban watu 3 kati ya 100 waliovuka miaka 50 wana protini isiyo ya kawaida inayotoka kwenye kundi dogo la seli za plazma, na kwa mwaka ni kama mmoja tu kati ya 100 wenye hali hiyo ambaye huishia kupata mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ana saratani ya pili ni kumtwisha hofu isiyomstahili.

Naiheshimu hoja hiyo, ila kwangu inakoma pale inapotokea dalili moja isiyoelezeka. Makosa ya pande hizi mbili hayalingani uzito. Kipimo cha uboho kilichofanywa bila ulazima humwachia mgonjwa maumivu ya nyonga kwa siku chache. Lakini saratani ya pili huweza pia kuwa lukemia kali, aina inayokwenda kasi; ikijificha nyuma ya ile ya polepole na kukosa kuonekana, inaweza kumuua ndani ya wiki.

Je, ni saratani mbili kweli, au matawi ya mti mmoja? Maabara ina njia nzuri ya kudokeza jibu. Lukemia ile sugu na mieloma zote hutoka kwenye ukoo wa seli B, chembe nyeupe za kinga ambazo hukomaa kuwa seli za plazma. Kwa kawaida kila seli B hutumia aina moja tu ya mnyororo mwepesi wa kingamwili, ama kappa ama lambda. Seli za lukemia zikiwa na kappa na zile za mieloma zikawa na lambda, ni vigumu kudai zimezaliwa na seli B moja. Zikifanana, bado haijathibitika kuwa ni ndugu. Upande mwingine, katika baadhi ya limfoma za seli T, kundi jingine la chembe za kinga, zimeonekana hitilafu za jeni TET2 na DNMT3A zile zile zilizomo kwenye saratani ya mieloidi, yaani ya ukoo mwingine wa chembe za damu, ya mgonjwa huyo huyo. Huko mzizi ni mmoja, seli shina (seli mama inayozaa chembe zote za damu) iliyoharibika mapema.

Kwenye matibabu, lukemia kali ikiwepo ubishi huwa mfupi: hiyo hutibiwa kwanza, ya polepole husubiri. Ugumu huja pale zote mbili zinapodai dawa, kwa sababu dawa nazo zina madeni yake. Melphalan, iliyotumika miongo mingi dhidi ya mieloma, inaweza kuharibu seli shina na kuzaa lukemia kali miaka kadhaa baadaye. Venetoclax inatia moyo zaidi: Marekani iliiidhinisha mwaka 2016 kwa lukemia sugu ya limfosaiti, na 2018 kwa lukemia kali ya mieloidi, pamoja na dawa nyingine, kwa wazee na wasioweza kuhimili tiba nzito. Mwenye hizo mbili anaweza kufikiriwa dawa moja, ingawa dozi na ratiba hazifanani.

Linaloniuma ni kwamba majaribio mengi ya dawa huwakataa wagonjwa wenye saratani ya pili. Sababu yake naielewa: mgonjwa akifariki, watafiti hawatajua ipi imemuua. Lakini daktari wake hubaki akitegemea ripoti za mgonjwa mmoja mmoja. Kama jaribio halimtaki, basi angalau aandikishwe kwenye rejista na sampuli ya uboho wake ihifadhiwe kabla ya dawa ya kwanza. Sampuli hiyo ndiyo itakayoweza kuonyesha baadaye kama saratani ya pili ilikuwepo tangu mwanzo, au ililetwa na tiba.