Programu ya Bure, Maneno ya Kununua

Jamani, hapa mjini ukitaka kudharauliwa, sema kitu chako ni cha bure.

Mimi kazi yangu kuchapa. Nina kisteshenari karibu na kituo cha daladala: barua za kazi, CV, katiba za vikundi, mihutasari ya vikao vya ukoo, hati za kuuziana viwanja. Ile programu ya zamani, aliyoniwekea fundi na flashi yake kwa elfu kumi, kila asubuhi ilikuwa inanitangazia kwenye kioo kwamba ni ya wizi. Mbele ya wateja! Unamchapia mtoto wa watu barua ya kuomba kazi benki, mimi ni mwaminifu, mimi ni mwadilifu, na hapo juu kumeandikwa mwizi. Nikachoka. Nikaweka LibreOffice, programu huria ya kuchapia, halali, senti haitoki.

Hapo ndipo nilipouza amani yangu.

Mteja akisimama nyuma yangu tu, hata salamu hajamaliza: "Kaka, mbona hii siyo Word?" Nampa barua imenyooka, karatasi ile ile, wino ule ule, anaigeuza kuangalia nyuma. Nyuma kuna nini? Mzee mmoja wa hati ya kiwanja akaniinamia sikioni: "Kijana, hiki kitu serikali inakitambua?" Nikamwambia mzee wangu, serikali inatambua saini na muhuri, haiulizi nimechapia nini. Hakuridhika. Ikabidi nimhesabie ukoo mzima wa programu: babu yake anaitwa StarOffice, mzaliwa wa Ujerumani, mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani ikamnunua, mwaka uliofuata wakamwanika hadharani, anayeweza kurekebisha arekebishe, wakamwita OpenOffice, mwaka 2010 kampuni nyingine, Oracle, ikainunua Sun, watengenezaji wakaona na mama wa kambo huyu hatutaelewana, wakabeba kazi yao wakaiita LibreOffice, na taasisi yao iko Berlin. Tena jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, mwaka 2024, lilitangaza kwamba linahamishia kwenye LibreOffice kompyuta kama 30,000 za serikali.

Mzee alikuwa ameshaanza kusinzia. Akafumbua jicho moja. "Wajerumani? Si ndio waliofikisha reli Kigoma 1914?"

Ndio hao hao, mzee.

"Basi chapa."

Mzee afadhali. Wanachuo ndio watakaonizika. Dogo analeta risachi kwenye flashi, nafungua, yaliyomo yamemwagika ukurasa mzima. "Bro, programu yako imeniharibia kazi!" Nawasha zile alama zinazofichua nafasi tupu. Ee Mola wangu! Vidoti vya orodha ya yaliyomo amevibonyeza kimoja kimoja, kutoka Sura ya Kwanza mpaka kwenye namba ya ukurasa. Kichwa cha habari kimesukumwa katikati kwa spesi. Ukurasa mpya kaufikia kwa kugonga Enta. Halafu kosa langu mimi.

Nakubali, fonti zilisumbua mwanzoni. Yeye kaandika kwa Calibri, mali ya Microsoft, kwangu haipo. Lakini LibreOffice inakuja na Carlito, ambayo kila herufi ina upana ule ule wa Calibri, na Liberation Serif inayokaa pale pale pa Times New Roman. Mstari unakatikia pale ulipokatikia. Risachi iliyojengwa kwa spesi, lakini, hiyo itabomoka hata kwenye Word ya jirani. Nikabonyeza F11, nikakipa kila kichwa mtindo wake, orodha ikajipanga yenyewe na namba zake. Dogo akaangalia, akatikisa kichwa: "Ila kwenye Word isingekuwa hivi."

Nikawaambia kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili kabisa, Jambo OpenOffice. Mmoja akaniuliza kama ina TikTok.

Siyo kwamba programu yenyewe ni malaika. Kamusi yake ya Kiswahili ipo, lakini ukiandika kitenzi kirefu kidogo, "wasingelimwandikia", inakitandikia wekundu chini kana kwamba umetukana. Na ofisi zinataka docx, faili la Word, haziitaki odt ya LibreOffice, kwa hiyo nimeiseti ihifadhi docx kila siku bila kuniuliza. Wanaotaka kuprinti tu nawapa PDF, kitufe kiko pale juu, kinatoka hivyo hivyo popote watakapokifungua. Hapo hata wabishi wananyamaza.

Wananyamaza mpaka kwenye malipo. Juzi dada mmoja kanichapisha katiba ya kikoba, vifungu na vifungu vidogo, faini za wanaochelewa, faini za wanaogombana kikaoni. Nimemaliza, nikamtajia bei, elfu moja kwa ukurasa. Akaweka mkono kiunoni.

"Kaka, si nimekusikia mwenyewe ukimwambia yule mzee programu ni ya bure?"

Ndiyo, dada yangu.

"Sasa mimi unanitoza ya nini?"

Nikamweleza kuhusu vidole, Luku, wino, na mwenye fremu anayekuja tarehe moja bila kukosa. Alinisikiliza vizuri sana. Akahesabu mia saba saba.

Nikazipokea.